Gemu Likikataliwa Dukani, Nani Hasa Amelikataa?

Tarehe 2 Desemba 2025 studio ndogo ya Milan, Italia, iitwayo Santa Ragione ilitoa gemu lake jipya, Horses. Ni gemu fupi, na picha zake ni nyeusi na nyeupe kama filamu za zamani. Kijana anapelekwa shambani kufanya kazi msimu wa kiangazi, akifika anakuta "farasi" wa shamba lile ni watu, wako uchi na wamevishwa vichwa vya farasi. Halikutengenezwa kumfurahisha mtu. Steam, duka kubwa kuliko yote la magemu ya kompyuta, ilikuwa imelikataa tangu Juni 2023, kabla hata halijakamilika. Duka jingine, Epic, lilikuwa limelipokea, kisha siku moja kabla ya kuanza kuuzwa likaghairi. GOG, duka la Poland, ikalichukua na kulipigia debe waziwazi.

Ubishi ukawaka. Wengine wakasema huku ni kuziba watu midomo, serikali iingilie kati, maduka yalazimishwe kuuza kila kisichovunja sheria. Wengine wakajibu kuwa duka ni mali ya mtu: mbona muuza duka wa mtaani haulizwi kwa nini hauzi bia? Hoja zote mbili zina ukweli, na ndiyo maana hazimalizani. Nionavyo mimi, watu wanagombania neno moja, "duka", kumbe gemu linapotoweka kuna mikono mitatu inayoweza kuwa imeliondoa: wa mwenye soko, wa mwenye njia ya malipo, na wa serikali. Anayeonekana mlangoni ni mmoja tu, na lawama zote zinamwangukia yeye.

Mwenye soko

Chukua mfano wa Kariakoo. Una mzigo wa vitenge, mwenye fremu mmoja anakwambia kwake haviuziki. Unavuka barabara, unamjaribu jirani yake. Wateja ni walewale, fremu ziko nyingi. Lakini mwenye soko zima akikufungia geti, utabaki na vitenge vyako mahali ambapo hakuna aliyekuja kutafuta vitenge.

Steam ni huyo mwenye geti. Kampuni ya Valve ya Marekani iliianzisha Septemba 2003, mwanzoni ili kuwafikishia wateja wake masasisho ya magemu yake yenyewe, na miaka miwili baadaye ikaanza kuuza ya wengine. Machi 2025 ilihesabu zaidi ya watu milioni 40 waliokuwa wameingia kwa wakati mmoja. Mtengenezaji analipa dola 100 kuweka gemu moja, kisha Valve inakata asilimia 30 ya mauzo. Mauzo yakivuka dola milioni 10 makato yanashuka hadi 25, yakivuka milioni 50 yanashuka hadi 20. Naam, mwenye nacho ndiye anayepunguziwa.

Mchezaji naye ana sababu zake za kutotoka humo. Magemu aliyonunua kwa miaka kumi yamo humo, marafiki zake wamo humo, na hana hamu ya kufungua akaunti nyingine. Kwa hiyo ushauri wa "wakauze kwingine" ni mwepesi mdomoni tu. Santa Ragione wanaeleza kuwa baada ya Steam kukataa, wachapishaji, yaani kampuni zinazogharamia na kusambaza magemu, hawakutaka tena kuweka fedha zao kwenye Horses, ikabidi kazi imaliziwe kwa mikopo ya watu wa karibu.

Valve ilijitetea kwamba watu wake walilicheza toleo la 2023, wakaeleza kwa nini halipokeleki, na walipoombwa kulitazama upya wakalijadili kwa kirefu kabla ya kutoa uamuzi wa mwisho. Hoja yao ilihusu maudhui ya ngono yanayomgusa mtoto. Studio inasema haikuonyeshwa ni sehemu gani ya gemu. Ilikisia ni ile ambapo msichana mdogo alibebwa mabegani na mwanamke aliye uchi, ikambadilisha mhusika huyo akawa mtu mzima. Haikusaidia kitu, kwa sababu walishaambiwa kuwa gemu lile halitapokelewa hata likirekebishwa.

Simlaumu mwenye duka kwa kuwa mkali penye jambo la watoto. Ni afadhali akosee upande huo. Kinachonikera ni namna: mtu anahukumiwa pasipo kuelezwa kosa liko ukurasa gani, na ndiye huyohuyo aliyehukumu anayesikiliza rufaa.

Tena mwenye soko si lazima awe hana maslahi. Septemba 2011 kundi la Italia liitwalo Molleindustria liliweka kwenye duka la Apple gemu la Phone Story. Hatua yake ya kwanza iko Kongo: mchezaji anawasimamia watoto wanaochimba koltani kwa kuwatishia na bunduki, ili madini yakatengenezwe simu. Hatua nyingine inampeleka kiwandani Asia, ambako wafanyakazi wanajirusha kutoka juu ya jengo. Simu hiyo ndiyo ileile aliyoishika mchezaji. Liliondolewa dukani saa chache baada ya kutangazwa rasmi. Apple ilitaja kanuni zake, mojawapo ikikataza kuonyesha mateso ya watoto. Mateso yalikuwepo kwenye gemu, ni kweli. Yapo pia kwenye migodi, na ndilo lilikuwa neno la gemu lenyewe. Msomaji wa Goma au Bukavu hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Miaka mitano baadaye, Mei 2016, Mpalestina Rasheed Abueideh alipeleka kwa Apple gemu lake la Liyla and the Shadows of War, linalohusu familia inayokimbia mabomu Gaza. Aliambiwa alitoe kwenye kundi la magemu, aliweke labda kwenye habari. Kelele zilipozidi, Apple ikarudi nyuma. Kwa hiyo rufaa iliyofanya kazi ni ile ya kelele. Asiye na wa kumpigia kelele, basi.

Mwenye njia ya malipo

Juni 2018 Valve ilikuwa imetangaza msimamo wake: itapokea kila gemu isipokuwa lililo haramu au lililoletwa kwa uchokozi mtupu. Machi 2019 likajitokeza gemu ambalo mhusika wake mkuu ni mbakaji, na Valve ikalikataa kwa maelezo kwamba lina "gharama na hatari zisizojulikana". Gharama kwa nani? Hatari kutoka wapi? Haikufafanua. Ilichukua miaka sita jibu kuonekana.

Aprili 2025 gemu la No Mercy, lililojaa ubakaji na zinaa ya maharimu, liliondoka Steam baada ya watu wa Australia, Uingereza na Canada kulipinga. Kundi la Australia lililokuwa mstari wa mbele, Collective Shout, halikuishia hapo. Tarehe 11 Julai liliandika barua ya wazi kwa wakuu wa PayPal, Mastercard, Visa na wenzao, likiwauliza kwa nini wanapokea fedha za magemu ya aina ile. Ulikuwa ujanja mkubwa. Ndani ya wiki moja kanuni za Steam ziliongezwa kipengele cha 15, kinachokataza maudhui yanayoweza kukiuka masharti ya kampuni za malipo, mitandao ya kadi na mabenki, hasa baadhi ya maudhui ya watu wazima. "Baadhi" yapi? Kipengele hakikusema. Magemu mengi yakaanza kuondolewa. Siku chache baadaye itch.io, duka dogo lililoanzishwa na Leaf Corcoran mwaka 2013 na kimbilio la watengenezaji wasio na mtaji, likaficha kwenye utafutaji wake kila gemu lililokuwa na alama ya watu wazima, bila kuwaonya wenyewe.

No Mercy silililii. Tatizo ni chombo kilichotumika. Wavuvi wa pwani wanalifahamu juya la kukokota na sababu ya kupigwa marufuku: linakomba hadi samaki wachanga. Miongoni mwa yaliyofichwa itch.io lilikuwemo Consume Me, gemu la masimulizi ya msichana anayepambana na mwili wake na chakula, ambalo miezi michache kabla lilikuwa limetwaa tuzo kuu ya magemu huru, yaani ya watengenezaji wadogo. Hakuna aliyekusudia kulikamata. Duka lilikuwa na muda mfupi wa kuchagua kati ya kupoteza baadhi ya magemu na kupoteza uwezo wa kulipwa kabisa, na mtu mwenye haraka hachambui.

Hapa inafaa tuufuate mnyororo wenyewe, maana ndipo watu wanapopotea. Ukinunua gemu kwa kadi, fedha haziendi moja kwa moja dukani. Zinatoka benki yako, zinapita kwenye mtandao wa kadi kama Visa au Mastercard, zinaingia benki inayopokea kwa niaba ya wafanyabiashara, kisha kwenye kampuni inayoshughulikia malipo ya duka. Mtandao wa kadi hauna mkataba na duka. Una mkataba na benki ile. Na katika kanuni za Mastercard kuna kifungu 5.12.7, kinachokataza muamala ulio haramu au ule ambao, kwa uamuzi wa Mastercard peke yake, unaweza kuiharibia jina.

Mzozo ulipopamba moto, tarehe 1 Agosti Mastercard ilitoa taarifa: haijachunguza gemu lolote wala kuagiza chochote kizuiwe, na inaruhusu manunuzi yote halali. Valve ikajibu kwamba kweli Mastercard haikuzungumza nayo. Ilizungumza na kampuni za malipo, nazo kampuni za malipo zikaukataa msimamo wa Steam wa kuuza kila kilicho halali, zikitaja kifungu 5.12.7 na hatari kwa jina la Mastercard. Soma taarifa hizo mbili pamoja uone uhodari wake. Hakuna aliyedanganya, na hakuna aliyeamua. Aliye juu hakuagiza. Aliye chini alijihami tu kabla hajaagizwa.

Kabla ya daraja la Kigamboni kufunguliwa mwaka 2016, mwenye mzigo alikuwa na pantoni au azunguke mbali. Sasa fikiria pantoni ikatae kupakia dagaa kwa sababu abiria mmoja amelalamikia harufu. Dagaa si haramu. Nahodha hauzi dagaa, hanunui dagaa, hakuombwa maoni kuhusu dagaa. Lakini Kigamboni yote italala bila dagaa. Mitandao ya kadi ni pantoni ya namna hiyo, na wenye pantoni ni wachache: Septemba 2024 Wizara ya Sheria ya Marekani iliishitaki Visa, ikidai kwamba zaidi ya asilimia 60 ya miamala ya kadi za benki zinazokata moja kwa moja kwenye akaunti nchini humo inapita kwake.

Wala haikuanza na magemu. Desemba 2010 Visa, Mastercard na PayPal ziliikatia WikiLeaks, mtandao unaochapisha nyaraka za siri, michango, bila hukumu ya mahakama yoyote. Agosti 2021 OnlyFans, mtandao wa maudhui ya kulipia, ilitangaza kuachana na maudhui ya ngono kwa shinikizo la mabenki, kisha ikalifuta tangazo lake ndani ya wiki moja.

Msidhani tuko mbali na hayo. Steam haina bei kwa shilingi, iwe ya Kenya au ya Tanzania, hivyo mnunuzi wa huku analipa kwa dola, kwa kawaida kwa kadi. Hata Safaricom ilipotaka wateja wa M-Pesa wanunue vitu nje ya nchi, Juni 2022 ilileta kadi ya mtandaoni ya Visa. Simu ni yako, laini ni yako, pantoni ni ileile.

Mkono wa serikali

Huu unajulikana zaidi, nitapita haraka. Ujerumani, tangu 15 Novemba 2024, gemu lisilo na alama ya umri halionekani kwa wateja wa Steam walioko huko. Australia inaweza kulinyima gemu daraja la umri, na likinyimwa haliuzwi: Machi 2021 ililinyima toleo la mwisho la Disco Elysium, gemu linalosifiwa kwa uandishi wake, kisha miezi miwili baadaye ikabadili uamuzi. Indonesia ilizifunga Steam na PayPal kwa siku kadhaa mwaka 2022 kwa sababu hazikujisajili. Uingereza mwaka 2024 kitengo cha polisi cha kupambana na ugaidi kiliiomba Valve iondoe Fursan al-Aqsa, gemu linalomweka mchezaji upande wa mpiganaji wa Kipalestina, na Valve ikaliondoa kwa wateja wa Uingereza.

La kutazamwa kwa makini zaidi ni Devotion. Studio ya Red Candle ya Taiwan ilitoa gemu hilo la kutisha Februari 2019. Siku chache tu, wachezaji wakaona hirizi ukutani iliyoandikwa maneno ya kumdhihaki Rais wa China, Xi Jinping. Studio iliomba radhi na gemu likatoka Steam. Desemba 2020 GOG ikatangaza italiuza, na siku hiyohiyo ikaghairi, ikidai imepokea ujumbe mwingi kutoka kwa wachezaji. Ni ile GOG tuliyoiona ikilipigia debe Horses. Ushujaa wa duka, inaonekana, unategemea ni soko gani linaloguswa.

Kipi kisimamiwe?

Marekani, zilipo kampuni nyingi kati ya hizi, serikali haina nafasi kubwa ya kulilazimisha duka liuze. Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2011, katika kesi iliyotoka California, kwamba magemu yana ulinzi uleule wa vitabu chini ya uhuru wa kusema. Mwaka 2024, katika kesi ya Moody dhidi ya NetChoice, ikaeleza kuwa hata kuchagua kipi kiwekwe kwenye jukwaa na kipi kitolewe ni aina ya kusema. Kwa hiyo mwenye duka naye ana ulimi. Nakubaliana na mahakama. Sheria inayomlazimisha GOG auze Horses leo ni sheria ileile itakayomlazimisha kesho auze asichoweza kukitazama usoni.

Ulaya imeshika upande mwingine wa jembe. Haimwambii mwenye jukwaa auze nini. Inamwambia akikataa, akatae vipi. Kanuni ya Ulaya ya mwaka 2019 kuhusu majukwaa na wafanyabiashara inadai sababu za maandishi, na taarifa ya siku 30 kabla ya kumfungia mfanyabiashara moja kwa moja. Sheria ya Huduma za Kidijitali, iliyoanza kutumika kikamilifu Februari 2024, inaongeza sababu zilizo wazi, malalamiko ya bure ndani ya kampuni, na njia ya kwenda kwa msuluhishi wa nje. Kasoro ninayoiona ni kwamba sheria hizi zinamfaa zaidi yule ambaye bidhaa yake tayari iko rafuni. Aliyezuiwa getini, kama Santa Ragione, amesimama mahali ambapo mwanga wa sheria hizo ni hafifu. Ningependa ulinzi huo uanzie getini kwa soko lenye ukubwa wa Steam: kosa litajwe, nafasi ya kurekebisha itolewe mara moja walau, na rufaa isikilizwe na mtu asiyekuwepo kwenye uamuzi wa kwanza.

Lakini wajibu mzito wa kupokea kila kilicho halali ningeupeleka kwa pantoni. Mwenye soko anachagua mandhari ya soko lake, na jina lake liko juu ya mlango. Mwenye mtandao wa kadi anabeba tu. Hakuna anayetazama gemu la kuudhi akasema "hili ni la Mastercard." Marekani kuna muswada wa Seneta Kevin Cramer unaotaka mabenki makubwa na mitandao ya kadi wasiinyime huduma biashara halali, na Agosti 2025 Rais Trump alisaini amri inayofanana na hiyo kwa mabenki. Waliosukuma mambo hayo walikuwa wanawafikiria wauza bunduki na wachimba mafuta. Si kitu, njia ikiwa wazi kwa bunduki itakuwa wazi kwa Consume Me pia.

Collective Shout watasema kwamba kilicho halali si lazima kiwe salama, na kwamba sheria nyingi hazijaiwahi teknolojia. Ni hoja nzito. Jibu langu ni kwamba wanaotaka kitu kiwe haramu waende bungeni, ambako mtu husimama na kusema kwa jina lake, badala ya kupita mlango wa nyuma wa kifungu ambacho hakuna aliyekipigia kura.

Na kabla mtu wa huku hajashangilia neno "serikali isimamie", akumbuke tulikotoka. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za Tanzania za mwaka 2018 ziliwataka hata wenye blogu wajisajili na kulipia leseni kwa zaidi ya shilingi milioni mbili. Mei 2025 mtandao wa X ulifungwa nchini, na sababu iliyotolewa baadaye na waziri ilikuwa maudhui ya ngono. Sababu inayofanana na ile ya kipengele cha 15, ikafunga pia mijadala ya siasa mwaka wa uchaguzi. Ndiyo maana nataka sheria inayozungumzia sababu, muda na rufaa, isiyompa mtu yeyote orodha ya maudhui mkononi.

Red Candle, kwa upande wao, hawakungoja sheria ya nchi yoyote. Machi 2021 walifungua duka lao wenyewe mtandaoni, na Devotion linauzwa humo mpaka leo, bila Steam, bila GOG, hirizi ile ikiwa imeshaondolewa. Unachagua gemu, unabonyeza kununua, na ukurasa unaofuata unakuomba namba ya kadi.